Kaskazi, Boriti na Baraza: Msamiati wa Ujenzi katika Historia ya Miji ya Pwani

Historia ya miji ya pwani ya Afrika Mashariki imeandikwa aghalabu kwa kufuata nasaba za watawala, safari za majahazi na magofu yaliyochimbuliwa na wataalamu wa mambo ya kale. Mengi yamejulikana kwa njia hiyo. Hata hivyo iko hazina nyingine ya ushahidi ambayo wanahistoria wameipita upesi, na ambayo wanafunzi wa lugha wanaishika mikononi kila siku: maneno ambayo kwayo wenyeji waliziita kuta, mihimili, vyumba na njia za miji yao. Makala haya yanadai kwamba maneno hayo yalifanya kazi ya kanuni za ujenzi. Mji usiokuwa na ramani ya serikali wala ofisi ya mipango uliweza kujengeka kwa utaratibu kwa sababu watu wake walikuwa na lugha moja ya kupimia, ya kuelekeza na ya kugawana nafasi. Na utawala mpya ulipokuja na lugha yake, kanuni hizo zilipoteza nguvu zamani kabla ya kuta zenyewe kuanguka.

Mwaka 1923 kilichapishwa Uingereza kitabu cha H. V. Lanchester juu ya mji wa Unguja, ambacho jina lake kwa Kiswahili lingekuwa “Unguja: Uchunguzi katika Mipango ya Miji ya Nchi za Joto”. Lanchester alikuwa msanifu majengo mwenye sifa, naye alikwisha fanya kazi ya namna hiyo Bara Hindi. Miaka thelathini na mmoja baadaye, yaani 1954, ilianzishwa London idara maalumu ya kufundisha usanifu wa nchi za joto, na mwaka 1956 Maxwell Fry na Jane Drew wakatoa kitabu chao juu ya usanifu wa nchi zenye joto na unyevu. Kwa hiyo katika muda wa kizazi kimoja palizaliwa elimu kamili yenye vitabu, walimu na shahada. Yafaa itazamwe kwamba jina lenyewe la elimu hiyo lilitungwa na mtu atokaye kwenye baridi. Mwenyeji wa Lamu au wa Mvita hakuwa na haja ya kuuita mji wake mji wa joto, kwani hakuujua mwingine. Alichokiita kwa majina mengi, na kwa uangalifu mkubwa, ni upepo.

Kaskazi ni upepo uvumao kutoka kaskazini-mashariki, takribani kati ya Desemba na Machi. Kusi huvuma kutoka kusini-mashariki, nayo hushika nguvu baina ya Aprili na Septemba. Kwa kutiwa kiambishi cha mahali, majina haya ya pepo yamekuwa majina ya pande za dunia: kaskazini na kusini. Mabaharia wanayajua pia maneno shimali na suheli, lakini katika mazungumzo ya kila siku maneno ya upepo ndiyo yaliyoshinda. Mashariki na magharibi, kwa upande wao, ni maneno yenye asili ya Kiarabu yahusuyo kuchomoza na kuchwa kwa jua. Hivyo msemaji wa Kiswahili anapoeleza nyumba yake imeelekea wapi, hutumia dira ya upepo katika mhimili mmoja na dira ya jua katika mhimili wa pili, apende asipende. Haiwezekani kudhani kwamba watu walioigawa dunia kwa namna hii walijenga nyumba zao kwa kubahatisha.

Ushahidi wa kuta unakubaliana na ushahidi wa maneno. Katika mtaa wa Mkomani, sehemu ya kaskazini ya mji wa Lamu, nyumba nyingi za mawe za karne ya 18 zimeelekezwa kaskazini. Mgeni aingiaye hupita daka, yaani ukumbi mdogo wa mlangoni wenye viti vya mawe pande zote mbili, kisha tekani, ambapo njia hukata kona ili jicho la mpita njia lisifike ndani, kisha hutokea kwenye kiwanda, uwanja mdogo ulio wazi kwa mbingu. Mbele ya kiwanda ziko baraza ndefu mbili zilizofuatana, msana wa tini na msana wa yuu, kila moja ikiwa imeinuka kidogo kuliko iliyotangulia. Nyuma yake ndipo kilipo chumba cha ndani, na ukutani mwa ndani zidaka zilizopambwa kwa chokaa iliyochongwa. (Katika matamshi ya Kiamu tini ni chini na yuu ni juu, msomaji aliyezoea Kiunguja hatapotea.) Misana hufunguka kuelekea kiwandani, na kwa kuwa kiwanda kiko upande wa kaskazini, nyumba nzima huuelekezea uso wake upande huo.

Sababu itolewayo na wenyeji ni kibla, na sababu hiyo ni ya kweli. Lamu na Makka ziko karibu katika mstari mmoja wa kutoka kusini kwenda kaskazini, tofauti baina yao ikiwa kama nyuzi moja tu ya longitudo, kwa hiyo anayesali Lamu huelekea kaskazini kwa tofauti ndogo sana. Lakini yako mengine yanayokwenda pamoja na kibla. Lamu iko kama nyuzi mbili na robo kusini mwa ikweta. Tangu mwishoni mwa Septemba hadi katikati ya Machi jua la adhuhuri hupita upande wa kusini wa mji, na sehemu kubwa ya miezi hiyo ndiyo miezi ya kaskazi, yenye joto kali. Msana uelekeao kaskazini huwa kivulini wakati huo wote, nao hupokea upepo utokao upande huohuo. Jua likihamia kaskazini, kusi imekwisha ingia, hewa imepoa na mvua zimenyesha. Mwale wa jua ufikao kwenye msana wakati huo haumdhuru mtu. Kwamba mwashi wa karne ya 18 aliyataja haya au aliyataja mengine, si rahisi kuthibitisha. Alilolifanya liko wazi, nalo latosha kuonyesha kwamba ibada, upepo na kivuli vilikuwa vimefungamanishwa katika uamuzi mmoja, hata haikuhitajika kuvitenganisha kwa maneno.

Njia za mji nazo zina mpango wake. Usita wa Mui, njia kuu ya Lamu, wafuata mwelekeo wa pwani; vichochoro vinavyoukata vyateremka kwenda baharini, vikipeleka maji ya mvua chini na kuleta hewa ya bahari juu. Upana wa vichochoro ni wa kumtosha punda na mzigo wake, na kuta zilizoinuka pande mbili huvitia kivuli karibu mchana kutwa. Mahali pengine familia iliyotaka nafasi zaidi, au iliyotaka wanawake wake wapite kutoka nyumba hadi nyumba pasipo kushuka njiani, ilijenga juu ya kichochoro chumba kiitwacho wikio. Chini yake hupatikana kivuli cha daima. Ni kweli kwamba wikio ilijengwa kwa ajili ya stara na ukoo wala si kwa ajili ya mpita njia. Hata hivyo mpita njia alinufaika, na mji ulikubali jambo hilo kwa sharti lisiloandikwa kwamba njia iliyo chini isizibwe.

Neno lililo na historia nzito kuliko yote katika msamiati huu ni boriti. Anayezuru nyumba ya mawe ya kale, iwe ya Lamu, ya Pate, ya Mombasa au ya Unguja, hutambua mara moja kwamba vyumba ni vyembamba na virefu. Urefu waweza kuzidi mita kumi, lakini upana ni nadra kufika mita tatu. Wageni wengi walioandika habari za nyumba hizi waliona wembamba huo kuwa kasoro. Asili yake imo msituni. Dari na paa la nyumba hizi hubebwa na miti ya mikoko iliyolazwa kutoka ukuta hadi ukuta. Juu ya miti huwekwa vipande vya mawe ya matumbawe, na juu ya mawe humwagwa chokaa iliyochanganywa na kokoto mpaka sakafu ipate unene wa kutosha. Uzito wake ni mkubwa mno. Mti wa mkoko ni mgumu na haushambuliwi upesi na mchwa, lakini ukivuka nafasi ya karibu mita tatu chini ya uzito huo hupinda. Kwa hiyo kabla fundi hajapiga kamba ya msingi, upana wa chumba ulikwisha amuliwa.

Biashara ya miti hiyo ilikuwa na majina ya daraja ambayo bado yanatumika: fito, pau, mazio, boriti, nguzo, na banaa kwa ile minene kupita yote. Tofauti iko katika unene, na kila unene una kazi yake: fito ni za kuta za udongo na za kushikia makuti, pau ni za paa, na boriti, yenye kipenyo cha takribani sentimita 11 hadi 14, ni ya kubebea dari. Miti iliuzwa kwa korija, yaani ishirini ishirini. Mkataji wa Lamu, nahodha wa jahazi, mfanyabiashara wa Oman au wa Ghuba na mwashi wa Mombasa wote waliyafahamu majina hayo kwa maana moja, na ndiyo maana chumba cha nyumba ya mawe kiliweza kuwa na upana uleule katika miji iliyotengana kwa mamia ya kilomita, na hata ng'ambo ya bahari katika miji ya Ghuba ambako miti ya Afrika Mashariki ilipelekwa kwa karne nyingi. Vipimo vingine vilikuwa vya mwili wa binadamu: wanda, shibiri, dhiraa, pima. Mahali pa rula na karatasi palikuwa na mti wenye jina, na mwili wa fundi.

Mtu akitaka kuelewa jinsi lugha inavyoweza kuwa sheria, hapana mfano ulio bora kuliko huu. Ikiwa boriti ni boriti, chumba hakiwezi kuzidi upana fulani. Ikiwa chumba hakizidi upana huo, nyumba inayotaka nafasi hurefuka au hupanda juu, wala haitanuki kiholela. Na nyumba zikirefuka na kupanda kwa namna moja, kuta zake zinaweza kuegemeana na vichochoro vikabaki na kivuli. Mji mzima umo katika mti mmoja. Hapana aliyekaa kuuchora.

Chokaa nayo ina habari zake. Matumbawe yalikusanywa, yakapangwa juu ya magogo na kuchomwa katika tanuu ya wazi, kisha chokaa ikaachwa muda mrefu ipigwe na mvua na umande kabla ya kutumika. Sakafu ilipomwagwa ilipigwa kwa magongo kwa siku nyingi, kazi iliyofanywa na kundi la watu kwa nyimbo, aghalabu wanawake. Ni vyema ikumbukwe hapa kwamba neno sakafu katika matumizi ya kale lilikuwa jina la chokaa iliyopigwa, iwe ya kukanyagwa au ya kuezekea. Kiswahili cha leo kimelibakiza chini ya miguu tu, kwa sababu paa la bapa limetoweka katika nyumba za watu wengi. Ukuta wa mawe na chokaa hunyonya unyevu na kuuachia tena. Mafundi wa karne ya 20 walipoanza kuukandika kwa saruji, unyevu na chumvi vilifungwa ndani, na plasta ikaanza kubanduka pamoja na uso wa jiwe. Aliyeita vitu hivi viwili kwa jina moja, yaani plasta, hakuona sababu ya kuogopa.

Isidhaniwe hata hivyo kwamba ujuzi huu ulikuwa mali ya wote kwa usawa. Waliobeba mawe, waliokata mikoko matopeni na waliopiga sakafu wengi wao walikuwa watumwa, mpaka utumwa ulipofutwa kisheria, Unguja mwaka 1897 na pwani ya Kenya mwaka 1907. Sehemu ya chini ya nyumba kubwa, yenye joto na giza, mara nyingi ilikuwa ya watumwa na ghala. Mpangilio uleule wa daka, tekani na ndani uliompa mwungwana stara ulimpangia mtumwa mahali pake na kumfungia mwanamke njia ya nje. Waandishi wanaousifu mji wa mawe kana kwamba ulijengwa na upepo peke yake wanawatendea isivyo haki watu hao. Vilevile chumba cha ndani hakina hewa ya kutosha, na mifereji ya wazi ya Lamu haikuwa kinga dhidi ya maradhi. Wenyeji waliyajua mapungufu haya na kuyatafutia dawa ndogondogo. Katika nyumba nyingi jiko liliwekwa juu ya paa chini ya makuti, ili moshi na moto uende zake. Na katika birika za maji ya kuogea walifuga samaki wadogo wa kula viluwiluwi vya mbu. Mazoea haya ya samaki yamedumu, na wageni wasiopungua huyataja kwa mshangao, kana kwamba ni ajabu mtu kuijua birika ya nyumba yake.

Baraza ni kisa cha namna nyingine. Kwa asili yake katika mji, baraza ni kiti cha mawe kilichojengwa pamoja na ukuta wa nje, upande wa njia. Mwenye nyumba hukaa hapo jioni, hupokea wageni ambao si wa kuingizwa ndani, husikia habari, huuza na kununua. Mvua kubwa ikinyesha Unguja na njia ikageuka mto, watu hupita juu ya baraza. Iko mahali ambapo nyumba na njia hukutana, na haki yake ni ya pande mbili: imejengwa na mmoja, hukaliwa na yeyote mwenye adabu. Sheria ya manispaa, iliyougawa mji kwa mstari kuwa viwanja vya watu na barabara ya umma, haikuwa na neno la kitu cha namna hii. Kilicho nje ya mpaka wa kiwanja, kwa mantiki ya mstari huo, ni kizuizi.

Wakati huohuo neno lenyewe likapandishwa cheo. Utawala wa kikoloni ulilichukua kuwa jina la mkutano ulioitishwa na chifu au mkuu wa wilaya, ambapo raia huketi chini na serikali husema. Baada ya uhuru likabaki hivyo nchini Kenya, na likapanda zaidi hadi kuwa Baraza la Mawaziri. Kwa mwanaisimu ni mfano mzuri wa kupanuka kwa maana. Kwa mwanahistoria wa miji kuna jambo la ziada: neno lilitoka ukutani likaingia ofisini, na kiti cha mawe kikabaki bila ulinzi wa jina lake, hata katika lugha ya sheria kikahitaji kuelezwa upya kana kwamba ni kitu kigeni.

Maneno mengine yamefuata njia kama hiyo. Kiwanda, uwanja wa wazi wa nyumba ya Kiamu, katika Kiswahili sanifu ni mahali pa mitambo. Sabule, ambacho Lamu ni chumba cha wageni kilichotengwa na nyumba ili mgeni alale asione ya ndani, kimekuwa sebule, chumba cha kati ambamo wote hukaa. Ukumbi, uliokuwa sehemu ya kuingilia nyumbani, sasa ni mahali pa mikutano na harusi. Mtaa, neno lililoigawa Lamu kuwa Mkomani na Langoni na kuipa kila sehemu fahari yake, leo katika magazeti ya Kenya hufuatwa mara nyingi na maneno “wa mabanda”. Mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 ulipochagua Kiunguja kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, na Kamati ya Lugha ilipoanza kazi mwaka 1930, lengo lilikuwa kupata lugha ya shule na vitabu, na lengo hilo lilifikiwa. Hakuna wa kulaumiwa kwa kuwa lugha ya shule haikuhitaji tekani wala wikio. Ila hasara ipo, nayo ni ya mafundi kabla ya kuwa ya washairi: maneno yaliyobaki katika lahaja moja tu hayakuweza kuingia katika hati, na kisichoingia katika hati hakijadiliwi mbele ya halmashauri.

Madhara ya jambo hili yalionekana zaidi upande wa pili wa mji, kwa watu wasiokuwa na nyumba za mawe. Unguja palikuwa na Ng'ambo, yaani ng'ambo ya mkono wa bahari uliotenganisha mji wa mawe na bara ya kisiwa, ambao ulifukiwa kidogo kidogo katika nusu ya kwanza ya karne ya 20. Mombasa palikuwa na Majengo, ambapo mtu alijenga nyumba yake juu ya kiwanja cha mwingine na kumlipa kodi ya ardhi, utaratibu uliojulikana kama nyumba bila ardhi na ambao Richard Stren aliueleza kwa kirefu mwaka 1978. Nyumba za pande zote mbili zilikuwa za ukoo mmoja: kuta za fito na udongo, paa kubwa la makuti lililoshuka chini kupita ukuta, baraza mbele, ukumbi katikati wenye vyumba kulia na kushoto, na ua nyuma wa kupikia, kuoga na kuanika. Kwa wakazi wa Ng'ambo swali la nani mwenye ardhi lilikuwa kali hata wakagoma kulipa kodi za viwanja mwaka 1928.

Nyumba hiyo ilipewa na serikali jina ambalo halikutoka kwa wajenzi wake: nyumba ya muda. Sheria zilitofautisha nyumba za kudumu na za muda kwa kutazama vifaa, na kifaa kilichosahihisha kosa kilikuwa bati. Sababu ya moto ilikuwa ya haki, kwani cheche moja katika makuti yaliyokauka yaweza kula nyumba kadhaa kabla maji hayajaletwa. Lakini hapa pana kinaya ambacho hakijatiliwa mkazo inavyostahili. Elimu ya usanifu wa nchi za joto, iliyofundishwa London kuanzia 1954 na kukusanywa mwaka 1974 katika kitabu cha mafunzo cha Otto Koenigsberger na wenzake, ilishauri kwamba katika nchi za joto lenye unyevu paa liwe lenye kuzuia joto, upenu uwe mpana, hewa ipite chumbani, na shughuli za mchana zifanyike kivulini nje ya nyumba. Kwa kipimo hicho nyumba ya makuti ya Ng'ambo ilikuwa karibu na mafundisho kuliko nyumba ya mawe ya Mkomani, na ilikuwa mbele sana ya chumba cha bati kilichowekwa mahali pake. Manispaa ilikuwa ikikataza kwa mkono mmoja kile ambacho wataalamu wa dola hiyohiyo walikuwa wakikisifu kwa mkono wa pili. Mkazi aliyelala chini ya bati saa nane mchana hakuhitaji kitabu kulijua hilo.

Mapinduzi ya Zanzibar ya mwaka 1964 yalikuja na nia njema ya kuondoa tofauti ya Mji Mkongwe na Ng'ambo. Mpango wa mwaka 1968, uliotengenezwa na wataalamu wa Ujerumani Mashariki, ulipitisha Michenzani safu ndefu za majengo ya ghorofa mahali pa nyumba za makuti. Watu walipata vyumba imara, umeme na maji ya bomba, na kwa wengi ilikuwa heshima ambayo serikali za awali hazikuwapa. Ghorofa, hata hivyo, haina ua wala baraza. Lugha ya usawa na lugha ya manispaa ya kikoloni, kwa jinsi zilivyotofautiana katika kila jambo, zilikubaliana katika hili moja: kwamba makao ni idadi ya vyumba.

Nyumba ya ukumbi na ua ilisafiri pia hadi bara. Pumwani, Nairobi, ilipopimwa viwanja mwanzoni mwa miaka ya 1920, wakazi wake Waislamu wa makabila mbalimbali, wakiwamo wanawake wengi waliojinunulia nyumba kwa jasho lao, walijenga kwa mfano huo wa pwani na kuuita mtaa wao Majengo. Nairobi iko juu ya mita 1,600 na usiku wake ni wa baridi. Wala kaskazi wala kusi haikuwa na neno hapo. Kilichohamia ni utaratibu wa kukaa: mwenye nyumba na wapangaji wake kila mmoja na mlango wake, wote wakigawana ukumbi, ua na baraza. Hii ni dalili kwamba mjenzi wa pwani alikuwa akitatua matatizo mawili kwa pamoja, la joto na la watu, na suluhisho la pili liliweza kuishi bila la kwanza. Sheria ndogondogo za ujenzi zilizotolewa Kenya mwaka 1968, zenye asili ya Uingereza, hazikutambua lolote kati ya hayo mawili.

Kazi ya kuyarudisha maneno haya kwenye hati ilianza kwa dhati katika miaka ya 1970. Usam Ghaidan, msanifu majengo aliyefundisha Chuo Kikuu cha Nairobi, alitoa mwaka 1975 uchunguzi wake juu ya Lamu, ambamo nyumba zilichorwa pamoja na majina ya Kiamu ya sehemu zake. Mwaka 1986 Francesco Siravo na Ann Pulver walitoa mpango wa kuuhifadhi mji huo chini ya Makumbusho ya Taifa ya Kenya, na mwaka 2001 Lamu ikaingizwa katika orodha ya urithi wa dunia, mwaka mmoja baada ya Mji Mkongwe wa Unguja. Yafaa wanaisimu watambue kwamba istilahi walizozipuuza wao ziliokolewa na wachoraji wa ramani.

Mambo hayakuishia hapo. Usafirishaji wa boriti kwenda nje ya Kenya ulipigwa marufuku mwaka 1982, na soko la Ghuba, ambalo nalo lilikwisha geukia chuma na zege, likafungwa. Bandari mpya ilizinduliwa upande wa bara ya Lamu mwaka 2012, gati yake ya kwanza ikafunguliwa mwaka 2021, na kwa ajili yake unatazamiwa mji mpya ambao kanuni zake za ujenzi zitaandikwa kwa lugha ya mita, zege na viwanja. Ndani ya mji wa kale penyewe, nondo na saruji zimeuondoa mpaka uliowekwa na mti. Chumba kinaweza sasa kuwa na upana wa mita nne au tano, nacho huendelea kuitwa ndani. Zidaka hupigwa plasta ukutani kwa pambo. Mafundi wazee wanaoitwa kutengeneza dari za kale huagiza bado mazio na boriti kwa korija, na vijana wanaowasaidia hujifunza kwanza kuzitofautisha kwa kuzishika kwa mkono, kabla ya kuruhusiwa kupanda juu ya ukuta.